Farasi Mweupe wa Uwanja wa Pembea

Chai ilikataa kutulia.

Margret alikuwa amekwisha koroga sukari, ametoa kijiko na kukiweka mezani, amegeuka kumfunga Fancy vifungo vya sare ya shule, na aliporudi kukishika kikombe akaona chai bado inazunguka. Haikuwa ikififia kama chai iliyokorogwa ikaachwa. Ilikwenda kwa mwendo mmoja, polepole, majani yakifuatana ukingoni. Akatia kidole, ikasimama. Akatoa kidole, ikaanza tena.

"Umeona, mama?" Fancy alisema, kwa sauti ya mtu aliyelijua jambo hilo siku nyingi. "Huku kila kitu kinazunguka."

Walikuwa wamehamia Mjambere wakitokea Changamwe: Margret, mumewe Dancun aliyekuwa akiendesha kreni bandarini, na binti yao wa pekee, Fancy, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza gredi ya kwanza. Nyumba ilikuwa mpya, safu ya vyumba vya kupangisha vyenye rangi ya manjano na mabati mekundu, iliyojengwa katikati ya kiwanja kipana ambacho wenyeji bado walikiita Uwanja wa Pembea, ingawa hapakuwa na pembea wala mti wa kufungia kamba. Margret hakuuliza. Mtu wa bara akifika Pwani hukuta kila pembe ina jina lake, na akianza kutafuta sababu ya kila jina hamalizi. Kilichomshangaza ni kwamba upande wao wote, ukitoa mlango wao, milango ilikuwa na makufuli.

"Vitapata watu tu," Dancun alisema. "Sisi tumewahi."

Margret akaimwaga ile chai nje, akampeleka mtoto shule, na siku nzima akajiambia ni macho yake.

Lakini siku zilizofuata hazikumpa nafasi ya kujidanganya. Nguo alizoanika asubuhi alizikuta adhuhuri zimejisokota kwenye kamba, zote upande mmoja, kama zilizokamuliwa na mkono mmoja wenye nguvu. Maji ya ndoo yalikuwa na kijishimo katikati. Kuku wa jirani wa ng'ambo aliingia uani kwao kudonoa, akaanza kwenda duara, duara, shingo imepinda, hata akaanguka ubavu na miguu yake ikiendelea kutembea hewani. Na katikati ya chumba, pale walipoweka meza, saruji ilianza kupasuka. Ufa wenyewe haukwenda mbio kutafuta ukuta kama nyufa nyingine. Ulijikunja, ukajifunga, ukafanya mviringo mzuri wenye upana wa sinia kubwa la pilau.

Kisha ikaja harufu. Ilikuja alasiri, jua lilipoanza kuinama, na mwanzoni Margret aliipenda: harufu ya kaimati zinazotumbukizwa katika shira, ya bisi, ya halua ya moto, ya mafuta mazuri ambayo wanawake wa Kiswahili hujipaka sikukuu. Alitoka nje kutazama ni nani anayepika. Hapakuwa na mtu. Aliporudi ndani, akaikuta harufu nyingine imejificha chini ya ile ya kwanza, nzito, ya kuni zilizoungua zikazimwa kwa maji. Na chini ya miguu yake, chini ya saruji, kitu kikalia taratibu.

Kriii. Kriii. Kriii.

Kama mti unaosagana na mti, na kwa mbali, njuga.

Dancun aliposimuliwa alicheka. "Hilo ni bomba la maji, Mama Fancy. Presha ikipanda linalia. Umeanza kuskiza story za watu wa pwani?"

Hakucheka tena juma lililofuata, kwa sababu Fancy aliacha kula. Alirudi shule akiwa na kizunguzungu, akashika ukuta, akatapika maji matupu. Hospitali walimpima malaria, wakampima tumbo, wasione kitu, wakampa dawa za minyoo. Alasiri moja Margret alimkuta amekaa juu ya kitanda, madirisha yamefungwa, hakuna hata feni, na nywele za mtoto zinapepea nyuma. Gauni lake lilikuwa linapepea. Macho ameyafumba, anatabasamu kidogo, na mikono yake miwili imeshika kitu mbele yake ambacho hakikuwepo.

"Fancy!"

Upepo ukakatika. Mtoto akafumbua macho, midomo mikavu.

"Nani alikuwa hapa?" Margret alinong'ona, na hata yeye mwenyewe hakujua kwa nini ananong'ona.

"Yule msichana. Anasema amechoka sana, mama. Anasema zamu yangu imekaribia."

Akina mama wa kanisani walikuja kuomba. Walikuja wakiwa wamejiamini, wenye sauti, wakapanga viti, wakafunga macho na kuimba. Margret naye alifunga macho, na wimbo ulimpa nguvu, akahisi kwa mara ya kwanza tangu chai ile kwamba kifua chake kinapumua. Walipomaliza na kusema amina, wakafumbua macho, kila mmoja akajikuta amesimama mbele ya kiti kisichokuwa chake. Aliyekuwa mlangoni alikuwa dirishani. Aliyekuwa dirishani alikuwa kitandani. Walikuwa wamezunguka, wote kwa pamoja, wakiimba, pasi na mmoja wao kuhisi miguu yake ikimwondoa. Hawakusubiri chai. Kiongozi wao alimshika Margret mkono pale nje, akamwambia, "Dada, tutaendelea kukuombea. Lakini tutakuombea tukiwa kwetu."

Ndipo Margret akamwendea Bi Mwanatabu.

Bi Mwanatabu alikuwa mama wa makamo yaliyopita, wa familia ya zamani ya pale, asiye na mume wala mtoto, ambaye alikaanga mahamri na viazi karai kando ya njia. Margret alikuwa amemwona mara nyingi akielekea dukani, na jambo moja alikuwa ameligundua: uwanja ule ungemfupishia njia, lakini hakuukanyaga. Aliuzunguka wote, jua kali, na kikapu chake kichwani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Huyu mtoto mbona amekonda hivi?"

Margret alifungua mdomo amjibu, lakini Fancy, aliyekuwa amesimama kando yake, alianza kuzunguka. Alizunguka polepole pale pale aliposimama, macho yamefumbwa, mikono imeshika hewa. Upawa wa kukaangia ukamponyoka Bi Mwanatabu ukaanguka mchangani. Alimshika mtoto mabega kwa nguvu mpaka akasimama, kisha akamtazama Margret kwa uso uliokwisha damu.

"Mwakaa wapi nyinyi?"

"Pale uwanjani. Zile nyumba za manjano."

"Ya Rabi," mama yule alisema. "Wamejenga. Wamejenga kweli juu yake. Kaa, mwanangu. Kaa hapa, umshike mtoto."

Akasimulia kwa sauti ya chini, jiko likizimika mbele yake.

"Zamani, mimi nikiwa mwana mdogo, pale ndipo palipokuwa sikukuu. Idi zote mbili watu walikuja mpaka kutoka Likoni, kutoka Jomvu. Wauza halua, wauza sherbeti, ngoma, watu wa mazingaombwe. Lakini waliloliendea hasa ni pembea. Alikuwako fundi mmoja akiitwa Mweri, Mdigo, fundi wa mbao hapana mfano wake. Aliunda pembea la kuzunguka, lina farasi wa mbao pande zote, wamepakwa rangi, wana njuga shingoni. Na mhimili wa kati, ile nguzo inayobeba kila kitu, aliuchonga kwa mkwaju uliokuwa papo hapo uwanjani. Watu walimkanya. Walimwambia, Mweri, mti ule una mwenyewe. Hakusikia. Akaukata.

"Mwanzo, pembea lile lilisukumwa na wanaume. Mwaka wa pili halikusukumwa. Mweri alisema tu bismillahi, likazunguka lenyewe. Sisi watoto tulifurahi, twajua nini? Lakini farasi mmoja hakupandwa. Mweupe. Mweri hakumruhusu mtu hata kumgusa. Ukimwuliza atakwambia, huyu ni wa mwenyewe. Nasi tukadhani mwenyewe ni yeye Mweri."

Alipangusa mikono yake, ingawa haikuwa na kitu.

"Nalikuwa na ndugu yangu mdogo, Mwanaidi. Mamangu alinipa nimpeleke. Gauni lake la Idi lilikuwa la waridi, lina mkanda mkubwa mgongoni. Siku ile watu walijaa hata Mweri akachanganyikiwa. Alikuwa akiwabeba watoto na kuwapandisha mbio mbio, naye akambeba Mwanaidi akamweka palipokuwa wazi. Sikujua. Nalikuwa nyuma ya kamba. Nilimpungia mkono nikamwambia, shika sana, usishuke mpaka nije nikuchukue. Akacheka. Pembea likaenda. Alipita mbele yangu akacheka. Akapita tena. Mara nyingine yule farasi mweupe alipopita, mgongo wake ulikuwa mtupu."

Margret alimkumbatia Fancy mpaka mtoto akalalamika.

"Wakatafuta hata usiku. Wanaume wakalichoma moto pembea lile lote. Farasi waliungua wakilia njuga, lakini ule mhimili haukushika moto. Wakauzika palepale ulipokuwa umesimama. Mweri alihama, hakuonekana tena. Na tangu siku hiyo hapana mtu aliyejenga pale, mpaka akaja mgeni akanunua." Akashusha sauti zaidi. "Hameni, mwanangu. Hameni leo."

Walihama. Dancun, ambaye jioni ile alimshika bintiye mkono na kuhisi vidole vyake vikipotea ndani ya kiganja chake na kurudi, hakubishana hata kwa neno moja. Walifunga mlango, wakaenda Bombolulu kwa rafiki yake wa kazini, wakalala chumba kimoja watu wote, na asubuhi Fancy akanywa uji bakuli zima, Margret akalia kwa furaha.

Alasiri ilipofika, mtoto alikuwa amekaa mkekani baina ya wazazi wake, anavunja karanga. Ganda lilianguka mkekani. Fancy hakuwepo. Margret hakuwahi hata kupiga kelele, maana kabla pumzi haijamtoka mtoto alikuwa amerudi, amekaa vilevile, nywele zimesimama kwa upepo, na karanga mkononi mwake imekauka ikawa unga.

Yule rafiki aliyewapokea alikimbia kumwita Kaviha.

Kaviha alikuwa fundi wa viatu vya ngozi katika karakana moja ya pale Bombolulu, mtu wa umri wa kati, mguu wake mmoja umekauka tangu utotoni, akitembea kwa gongo. Uganga wa pepo aliachiwa na mamake. Hakuwa na mbwembwe. Aliingia, akaketi, akamtazama Fancy kwa muda mrefu, akasikiliza habari yote, kisha akauliza jambo moja tu.

"Amepandia wapi?"

"Mjambere," Dancun alisema.

"Basi ndiko atakakoshukia. Mkimpeleka hata Nairobi, atapotea akiwa mikononi mwenu, na kila akipotea atakawia zaidi kurudi. Aliyeko juu hashukii ugenini. Kesho alasiri tutakuwa mle chumbani. Mniitie na yule mama aliyewapa habari, kama atakubali."

"Hatakubali," Margret alisema. "Haukanyagi ule uwanja."

Lakini Bi Mwanatabu alikuja. Kesho yake, jua lilipoanza kuinama, walimwona akiukata uwanja katikati, peke yake, amejitanda buibui, akitembea kama mtu anayepita juu ya makaa. Mlangoni alivua kandambili zake za buluu, akaziweka sawasawa, akaingia pekupeku.

"Mtoto yuwapi?" aliuliza.

Fancy alikuwa mapajani mwa mamake. Kaviha alikuwa ameondoa meza, amekaa kando ya ule ufa wa mviringo, chetezo mbele yake na kuku mweupe kwapani. Dancun alisimama mlangoni na shoka aliloliazima, ingawa hakuna aliyemwambia alete shoka. Kaviha akatia ubani makaani, moshi ukapanda wima, akazungumza na sakafu kwa adabu, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba ya mkubwa wake.

"Salamu, mwenye mahali. Wewe ulikuwa hapa kabla yetu. Ulikatiwa mti wako, tunajua. Hatukuja na vita. Tumekuja kumwombea mtoto asiyekukosea."

Nje, kunguru alilia mara moja akanyamaza. Halafu ikaja ile harufu, kaimati na halua, tamu hata ya kuchefua, na moshi wa ubani uliokuwa wima ukainama, ukaanza kuzunguka.

Kriii.

"Mshike," Kaviha alisema.

Margret alimshika, alimshika kwa mikono miwili na kwa miguu yake na kwa kidevu chake juu ya kichwa cha mtoto, akahisi uzito wake ukipungua, ukawa kama wa mtoto mchanga, ukawa kama wa kanga, ukawa si kitu, na mikono yake ikajikumbatia yenyewe. Fancy alikuwa juu. Alikuwa amekaa hewani, kimo cha kifua cha mtu mzima, magoti yametanuka, akipanda na kushuka taratibu, akisogea kuelekea ukutani, na ukuta haukumzuia, alipita ndani yake kama mtu anayepita pazia, na wakabaki wakitazama rangi ya manjano na kusikia njuga zikienda mbali, mbali, upande wa uwanjani, zikizunguka nyuma ya nyumba, zikija tena, mpaka akatokea ukuta wa pili, uso umefunikwa na nywele, akapita mbele yao na upepo wa mtu anayekwenda kasi, akaingia tena ukutani.

"Mama!" sauti yake ilibaki chumbani baada yake.

Na kila alipopita moshi ulimnasa zaidi, na kila moshi ulipomnasa walizidi kuona alichopanda: kwanza sikio, kisha shingo nyeupe yenye rangi iliyobanduka na njuga zilizoota kutu, kisha jicho la kuchorwa, jeusi, ambalo lilipokuwa likipita mbele ya Margret liligeuka likamtazama. Fancy hakuwa peke yake. Mbele yake juu ya mgongo ule ule alikaa msichana wa kimo chake, gauni la waridi, mkanda mkubwa mgongoni, kichwa kimelala shingoni kwa farasi kama mtoto aliyeshindwa na usingizi safarini, na mwili wake ulikuwa umechakaa hata ungeweza kuona dirisha kupitia kifua chake.

Bi Mwanatabu alitoa mlio mdogo, kama mtu aliyechomwa mwiba. "Mwanaidi."

Msichana hakugeuka. Farasi akaingia ukutani. Safari hii walikawia. Walikawia mpaka Dancun akaanza kuupiga ukuta kwa kisigino cha shoka, akilia wazi wazi, akiita jina la bintiye, na Kaviha akawa anatia ubani, anasema, "Moshi usikatike, moshi usikatike, ukikatika haoni njia." Walipotokea, Kaviha aliinuka kwa gongo lake akamrusha yule kuku mgongoni kwa farasi. Kuku alipaa akapiga kelele akatoweka nao. Farasi alizunguka. Aliporudi, yakaanguka sakafuni manyoya makavu na vifupa vyeupe, vyepesi kama njiti za kiberiti.

"Hataki kuku," Kaviha alisema.

"Anataka nini?" Margret alimkamata shati. "Niambie anataka nini!"

"Alichopewa siku ile ya Idi. Mpandaji. Yule wa kwanza amekwisha, si unamwona? Akiisha kabisa, wako ndiye anayebaki."

"Basi nipande mimi."

"Mimi," Dancun alisema, na tayari alikuwa ametupa shoka.

Mkono ukamsukuma Margret kifuani, mkono mkavu wenye nguvu ya kukanda unga miaka yote. Bi Mwanatabu alikuwa amelikunja buibui lake mpaka magotini na kulikaza kiunoni, kama wanawake wanavyojifunga wakitaka kufanya kazi.

"Nyinyi mna mwana," alisema. Hakusema kwa nguvu. "Mimi nilimwambia asishuke mpaka nije. Nimechelewa mno, lakini nimekuja. Simama hapo, mwanangu, kunjua mikono. Nikimsukuma, mdake."

"Bibi, hapana, Bibi—"

Njuga zikaja. Ukuta ukamtoa farasi, na safari hii alikuja kwa kasi ambayo ilipeperusha makaa ya chetezo chumba kizima, na Margret akamwona mwanamke mzee akikimbia kando yake, akikimbia pekupeku ndani ya chumba kisichokuwa na nafasi ya kukimbia, kwa hatua nyepesi za mtoto anayejua namna ya kudandia pembea linalokwenda, akashika njuga za shingoni kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akamtoa Fancy mgongoni kama anayetoa hamri kwenye mafuta, akamrusha, na uzito wote wa mtoto, uzito mzuri wa mtoto wa miaka sita, ukampiga Margret kifuani wakaanguka wote chini. Akiwa chali aliona buibui likifunguka kama bawa. Alisikia Bi Mwanatabu akiita, "Mwanaidi! Ndugu yangu, ni mimi!" Kisha ukuta ulikuwa ukuta.

Moshi ulitulia. Ukapanda wima.

Fancy alikuwa analia, kwa sauti ya kawaida, ya mtoto aliyeumia kiwiko, na Dancun alikuwa amewakumbatia wote wawili sakafuni. Margret alimpapasa mtoto kichwa, masikio, vidole, kila kidole, na ilimchukua muda kutambua kwamba Kaviha hatazami upande wao.

Juu ya ufa wa mviringo alisimama msichana wa gauni la waridi.

Hakuwa tena wa kupenyeza mwanga. Alikuwa na kivuli. Hina ilikuwa bado mbichi kwenye vidole vyake na vumbi la uwanja kwenye miguu yake. Alisugua macho kwa migongo ya mikono, akawatazama watu wale asiowajua, na chumba asichokijua.

"Dada yuwapi?" aliuliza. "Alinambia nisishuke mpaka aje. Nimemsikia yuwaniita, nikashuka."

Margret ndiye aliyesogea, kwa magoti, na Fancy amemng'ang'ania shingoni, akanyoosha mkono akamgusa msichana shavu. Lilikuwa na joto. Alikuwa mtoto.

"Unaitwa nani?" alimwuliza, ingawa alijua.

"Mwanaidi."

Chini ya sakafu, kitu kikaanza kulia tena. Kriii. Kriii. Kilikwenda polepole sasa, kama kilichobeba mzigo mzito kuliko kilivyozoea.

"Tokeni," Kaviha alisema kwa sauti ya chini sana. "Mchukueni na huyo. Msirudi hata kwa kijiko."

Mwenye nyumba zile aliambiwa habari yote, akacheka, akaziba ufa kwa saruji mpya. Ulirudi. Mpaka leo safu ile ina makufuli kila mlango, pamoja na ule uliokuwa wao, na watoto wa Mjambere wanaotumwa dukani wanauzunguka uwanja bila kuambiwa. Margret ana mabinti wawili. Anayemwuliza humwambia kwamba wa pili ni mtoto wa marehemu jirani, na huishia hapo.

Lakini jioni ile hayo yote yalikuwa hayajawa. Jioni ile walitoka kwa kusukumana, Dancun mbele na Fancy mgongoni, Kaviha na gongo lake, na Margret nyuma amemshika mkono mtoto wa watu. Pale mlangoni Mwanaidi alisimama. Alikuwa ameziona kandambili za buluu, zimewekwa sawasawa, visigino vimelika upande mmoja. Akatia mguu wake katika moja, mguu mdogo wenye hina, ukabaki katikati kama kijiko katika sufuria.

"Viatu vya nani hivi?"

Margret alipiga magoti kando yake. "Vya dadako."

Mtoto akamtazama, akaangua kicheko, akatoa mguu wake.

"Si vyake," alisema. "Dada yangu hana mguu mkubwa hivi."